Daftari Halilijui

Uliastai, Januari. Nje ni nyuzi arobaini chini ya sifuri
na kalamu imeganda. Oyunbileg anaitia kwapani,
mahali wengine wanapotiwa kipimajoto,
anaihesabia mpaka mia, kisha anaandika:

Saa nne usiku. Wagonjwa kumi na wanne.
Mitungi ya oksijeni mitatu. Mmoja unavuja shingoni.

Hakujua kupamba. Mimi, mwanafunzi wa miezi miwili,
niliandika "mgonjwa anaendelea vizuri"
akanisukumia daftari lirudi kifuani pangu:
Vizuri kama nani?
Andika amekunywa vijiko vingapi.
Andika midomo ina rangi gani.
Vizuri ni salamu, si habari.

Kitanda cha tatu, Dashnyam, aliyeletwa juu ya lori la makaa,
baridi imemlia kondoo mia mbili
na sasa imerudi kumalizia mapafu.
Kitanda cha tisa, kitoto cha miezi saba, binti wa Tsermaa.
Kitanda cha kwanza, penye pazia,
mjomba wa mkuu wa mkoa. Anakohoa.
Angependa kulala.

Saa saba na robo simu ikalia.
Mkurugenzi, sauti ya mtu anayeagiza chai:
Mtungi wa kitanda cha tatu, upelekeni cha kwanza.

Oyunbileg akasema: Nitajie jina lako kamili, niandike.

Kimya. Waya ukavuma upepo wa nyika.

Jina langu unalijua.

Mimi nalijua, akasema. Daftari halilijui.

Wakabishana. Nilimshikia taa, akasoma namba kwenye simu
kama mtu anayesoma bei sokoni bila kupunguza:
kitanda cha kwanza, tisini na tano;
cha tatu, sabini na tisa;
cha tisa, themanini na mbili.
Ukiona mjomba anazidiwa, njoo umpime mwenyewe.
Akakata simu. Mtungi haukusogea.

Ndipo tukasikia ukimya wa kitanda cha tisa.

Mrija ulikuwa umechomoka.
Tuliporudisha, mtoto alilia, nami nikalia,
na Oyunbileg akaitoa kalamu kwapani.
Nilidhani ataandika amri ya simu na kukataa kwake,
mistari ya kumpa mtu medali.
Aliiandika. Kisha chini yake, kwa mwandiko uleule:

Kitanda cha tisa bila oksijeni, dakika kumi na moja.
Nilikuwa kwenye simu. Kosa ni langu.

Asubuhi mkurugenzi akaja na koti la manyoya
na maneno laini. Ukurasa huu unaniuma mimi,
unakuuma na wewe. Tuuchane, tupone wote.

Akamwonyesha uzi wa jalada.
Ukichana huu, alisema, pacha wake wa mbele unalegea,
na kule kuna watu wengine kabisa.

Mkurugenzi alihamishiwa ofisi kubwa zaidi.
Oyunbileg alipewa miezi mitatu ya kufua mashuka,
kwa zile dakika, na hakukata rufaa.
Vidole vyake vilipasuka kwa sabuni.
Mali bila daftari, tulifundishwa, hupotea bila habari;
hatukufundishwa kwamba habari nayo ina bei,
na kwamba hulipa kwanza aliyeiandika.

Mwaka wa sita sasa daftari liko kwangu.
Juzi Tsermaa alikuja. Binti anatembea, alisema,
ila maneno yanachelewa kumjia.
Hakuna ajuaye dakika zile zilichukua nini,
au kama zilichukua. Sikumwambia vizuri.
Nilifungua nikamsomea, mstari kwa mstari,
namba zote, kosa, jina la aliyekosa.

Akakaa. Soma tena, akasema. Nikasoma.

Halafu akauliza, kidole juu ya karatasi asiyoweza kuisoma:
Na mimi? Usiku ule mimi nilikuwa wapi?

Nikatafuta. Pembeni, herufi ndogo, wino uliofifia
pale kalamu ilipokuwa inaanza kuganda tena:

Mama yuko miguuni pa kitanda. Hajala. Hajalala.